Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (Enniskillen, Ireland, 28 Februari 1911 – Gloucester, Uingereza, 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi nchini Uganda kwa miaka 20. Anajulikana hasa kwa kueleza saratani ya watoto ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt, na kwa kuchora ramani ya sehemu za Afrika inakopatikana. Kazi yake ilifungua njia ya kugunduliwa kwa virusi vya Epstein-Barr, ambavyo ni virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Eneo la ramani yake linajumuisha sehemu kubwa ya Tanzania, ukiwemo mwambao wa Ziwa Tanganyika kwenye miji ya Kigoma na Ujiji. Katika nusu ya pili ya maisha yake alipata umaarufu mwingine kwa kufundisha umuhimu wa nyuzinyuzi katika chakula.

Utoto na masomo

Burkitt alizaliwa Enniskillen, katika kaunti ya Fermanagh, ambayo leo ni sehemu ya Ireland ya Kaskazini. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa kaunti hiyo. Alipenda pia kuchunguza ndege: aliwavisha pete miguuni ili awatambue mmojammoja, kisha akachora ramani kuonyesha kila mmoja anatawala eneo gani. Mwanawe alikuja kutumia njia inayofanana na hiyo kwa magonjwa. Baba yake mdogo au mkubwa, Roland Burkitt, alikuwa daktari mpasuaji mjini Nairobi.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa na jiwe lililorushwa na watoto wenzake. Miwani yake ilivunjika, vipande vya kioo vikaingia katika jicho la kulia, nalo likapotea. Aliishi na jicho moja maisha yake yote.

Mwaka 1929 alijiunga na Trinity College mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, lakini baada ya muda alihamia udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 alikubaliwa kuwa mwanachama wa chuo cha wapasuaji cha Edinburgh. Mwaka huohuo alisafiri hadi Manchuria akiwa daktari wa meli.

Alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Kiprotestanti, na imani yake ilimfanya atamani kufanya kazi Afrika. Alipoomba nafasi katika huduma ya afya ya makoloni ya Uingereza alikataliwa, kwa sababu wakubwa hawakuamini kwamba mtu mwenye jicho moja anafaa kuwa mpasuaji huko. Hata hivyo jeshi lilimpokea mwaka 1941, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Alitumwa Kenya, Somalia na Ceylon (leo Sri Lanka). Wakati wa likizo alitembelea Uganda na kuipenda. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi. Walizaa mabinti watatu.

Lira na ramani ya kwanza

Baada ya vita aliomba tena, na safari hii alikubaliwa. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, katika wilaya ya Lango kaskazini mwa Uganda. Huko aliona wanaume wengi wenye mabusha. Badala ya kuwapasua tu, aliuliza kila mmoja anatoka kijiji gani. Aligundua kwamba ugonjwa ulikuwa wa kawaida sana mashariki mwa wilaya, lakini ulikuwa nadra magharibi mwake. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1951. Mabusha katika nchi za joto husababishwa hasa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu, na mbu hawapo sawa kila mahali.

Kazi hiyo ndogo ilimfundisha jambo alilolishika hadi mwisho: ugonjwa ukipatikana hapa na kukosekana pale, tofauti ya mahali inaweza kuonyesha chanzo chake.

Mwaka 1948 alihamia Hospitali ya Mulago mjini Kampala, iliyokuwa hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Makerere.

Watoto wenye uvimbe wa taya

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwangalie mtoto mwenye umri wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini, na meno yalikuwa yamelegea. Burkitt hakuwa amewahi kuona kitu cha namna hiyo. Maambukizi hayavimbishi pande zote nne kwa pamoja, wala saratani haikujulikana kufanya hivyo. Mtoto hakupona.

Majuma machache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alitazama nje ya dirisha akamwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vilevile. Alipompima alikuta ana uvimbe tumboni pia. Burkitt aliona kwamba mtoto wa kwanza hakuwa peke yake. Alianza kupekua kumbukumbu za hospitali na daftari la saratani la Kampala, akaona kwamba watoto waliokuwa wameandikwa kuwa na saratani ya taya, ya figo, ya ovari au ya ini mara nyingi walikuwa na ugonjwa mmoja uleule.

Mwaka 1958 alichapisha makala juu ya wagonjwa 38. Aliudhania ugonjwa kuwa sarkoma, yaani saratani ya mifupa na nyama. Wataalamu wa patholojia, hasa Mmarekani Gregory O'Conor, walionyesha baadaye kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili.

Burkitt hakuwa mtu wa kwanza kuiona. Mwanzoni mwa karne ya 20 Albert Cook, daktari wa misheni katika hospitali ya Mengo, alikuwa amechora katika kumbukumbu zake watoto wenye uvimbe wa taya. Mchango wa Burkitt ulikuwa kutambua kwamba dalili nyingi zilizotawanyika ni za ugonjwa mmoja, na kuuliza unapatikana wapi.

Safari ndefu ya 1961

Kwa msaada mdogo wa fedha alichapisha vikaratasi vyenye picha za wagonjwa na kuvituma kwa madaktari wa hospitali nyingi za Afrika, akiwauliza kama wamewahi kuwaona watoto wa namna hiyo. Majibu yalionyesha mkanda unaokatiza bara karibu na ikweta, wenye mkia unaoshuka kusini upande wa pwani ya Msumbiji.

Ili aujue mpaka wa kusini wa mkanda huo, mwezi Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford. Alifuatana na madaktari wawili wa misheni: Ted Williams wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, aliyekuwa pia fundi hodari wa magari, na Clifford Nelson kutoka Kanada. Kwa muda wa majuma 10 hivi walisafiri takriban kilomita 16,000, wakapita Tanganyika na nchi za kusini yake hadi Afrika Kusini, na kutembelea hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walionyesha picha na kuuliza. Ni katika majuma hayo, tarehe 9 Desemba 1961, kwamba Tanganyika ilipata uhuru.

Mwanzoni Burkitt alifikiri kwamba mpaka unategemea urefu wa nchi juu ya usawa wa bahari, kwa sababu karibu na ikweta ugonjwa haukupatikana juu ya mita 1,500 hivi. Lakini kadiri walivyokwenda kusini mpaka huo ulizidi kushuka. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alitambua kwamba ramani inalingana na joto na mvua. Ugonjwa ulikuwepo mahali ambapo joto halishuki chini ya nyuzi 16 za selsiasi hivi na mvua inatosha. Hayo ni mazingira yanayofaa mbu.

Ziwa Tanganyika katika ramani

Mwambao wa Ziwa Tanganyika unaonyesha vizuri maana ya ramani hiyo. Uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kigoma na Ujiji, karibu na nyuzi 5 kusini kwa ikweta, zina joto mwaka mzima na mvua ya kutosha, na malaria ni ugonjwa wa kawaida huko. Kwa hiyo mwambao huo uko ndani ya mkanda wa limfoma. Kinyume chake, nyanda za juu za Burundi na Rwanda, pamoja na Kigezi nchini Uganda, zilihesabiwa na Burkitt kuwa nje ya mkanda. Msafiri anayetoka Ujiji kupanda milima ya Burundi anaweza kuuvuka mpaka huo kwa siku moja.

Burkitt na mwenzake Dennis Wright waliona pia kwamba watu waliohama kutoka nyanda za juu na kuishi katika mabonde ya Uganda waliweza kuugua limfoma hiyo wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji, ambao waliugua utotoni. Jambo hilo lilionyesha kwamba chanzo kiko katika mazingira, si katika kabila.

Mfano mwingine ulitoka Zanzibar. Kisiwa hicho kina joto na mvua, lakini limfoma hiyo haikuonekana huko wakati malaria ilipokuwa imedhibitiwa sana. Mwaka 1962 Mmarekani Gilbert Dalldorf alipendekeza kwamba malaria yenyewe ina sehemu katika ugonjwa, na Burkitt alikuja kukubaliana naye. Nchini Tanzania wazo hilo lilijaribiwa katika wilaya ya Mara Kaskazini kuanzia mwaka 1977, watoto walipopewa klorokwini kwa miaka kadhaa. Idadi ya wagonjwa ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa kutolewa, hivyo jaribio halikutoa uthibitisho kamili.

Virusi na kingamwili

Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vinavyosababisha saratani kwa wanyama. Epstein alihisi mara moja kwamba ugonjwa unaofuata joto na mvua unaweza kuwa na virusi nyuma yake. Walikubaliana kwamba Burkitt atamtumia vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakupata kitu. Mwezi Desemba 1963 ndege iliyobeba kifurushi ilizuiwa na ukungu na kutua Manchester badala ya London. Kilipofika, maji yake yalikuwa yamegeuka kuwa mazito, ikadhaniwa kwamba vipande vimeoza. Lakini yalikuwa yamejaa chembe hai zilizojitenga na uvimbe, ambazo ziliweza kukuzwa maabara. Ndani ya chembe hizo Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona virusi kwa hadubini ya elektroni. Walitangaza ugunduzi wao mwezi Machi 1964.

Hatua iliyofuata ilitegemea kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu. Mjini Philadelphia, Marekani, Werner na Gertrude Henle walitengeneza kipimo cha kingamwili dhidi ya virusi hivyo. Walikuta kwamba watoto wenye limfoma wanazo kwa wingi mkubwa, lakini watu wazima wengi wenye afya duniani kote wanazo pia kwa kiasi kidogo. Hivyo virusi peke yake havitoshi kuleta saratani. Baadaye, katika wilaya ya West Nile nchini Uganda, damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa na kuhifadhiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yalionyesha kwamba watoto waliokuja kuugua walikuwa na kingamwili nyingi kabla ya uvimbe kuonekana.

Leo inaeleweka kwamba malaria ya mara kwa mara huchochea chembe zinazotengeneza kingamwili zigawanyike kupita kiasi, na kwamba virusi huzisaidia zisife. Katika mgawanyiko huo jeni iitwayo MYC inaweza kuhamishwa kutoka kromosomu ya 8 na kubandikwa karibu na jeni za kingamwili. Hapo hubaki imewashwa daima, na chembe huongezeka bila kizuizi.

Madhara katika mfumo wa neva

Limfoma ya Burkitt hukua haraka kuliko karibu saratani zote za binadamu. Mbali na taya na tumbo, mara nyingi hushambulia mfumo wa neva. Mtoto aliyekuwa akitembea anaweza kupooza miguu kwa siku chache kwa sababu uvimbe unabana uti wa mgongo. Wengine hupooza uso, huona vitu viwili viwili, au jicho hutokeza nje.

Madhara hayo hutofautiana na yale ya saratani nyingine ambazo huharibu neva bila kuzigusa. Katika saratani fulani ya mapafu, kwa mfano, mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya uvimbe, lakini kinga hiyohiyo hushambulia neva kwa sababu protini za neva zinafanana na zile za saratani. Mgonjwa huweza kupoteza hisia, kuyumba au kuchanganyikiwa kabla saratani yenyewe haijajulikana. Katika uvimbe fulani wa ovari, kingamwili za namna hiyo huvuruga ubongo wa wanawake vijana, na wengi hupata nafuu uvimbe ukiondolewa na kinga kutulizwa. Katika limfoma ya Burkitt kupooza hutokana hasa na uvimbe wenyewe kubana neva au kuingia ndani yake. Tofauti hiyo ni muhimu kwa tiba, kwa kuwa uvimbe ukinyauka mapema mtoto anaweza kutembea tena.

Virusi vya Epstein-Barr vimehusishwa pia na ugonjwa wa sklerosisi ya sehemu nyingi, ambapo kinga hushambulia ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia kumbukumbu za wanajeshi zaidi ya milioni 10 walionyesha kwamba hatari ya ugonjwa huo huongezeka sana baada ya mtu kuambukizwa virusi hivyo.

Tiba

Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini aliona mapema kwamba kisu hakisaidii, kwa kuwa uvimbe ulikuwa sehemu nyingi za mwili. Uganda haikuwa na mashine za mionzi. Kwa msaada wa madaktari kutoka New York alipata dawa mpya za saratani, kama methotreksati na siklofosfamidi, akazitoa kwa kiasi kidogo. Kwa baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache, na wachache walipona kabisa baada ya dozi moja au mbili. Burkitt alihisi kwamba kinga ya mtoto mwenyewe inamalizia kazi iliyoanzwa na dawa. Hii ilikuwa mojawapo ya saratani za kwanza kuponywa kwa dawa peke yake.

Mwaka 1967 kituo cha tiba ya limfoma kilifunguliwa Mulago chini ya Mmarekani John Ziegler. Ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka 1972 Burkitt alipewa Tuzo ya Lasker pamoja na wengine, wakiwemo Ziegler na Victor Anomah Ngu, mpasuaji kutoka Kamerun aliyetibu limfoma hiyo huko Ibadan, Nigeria.

Nyuzinyuzi katika chakula

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kufanya kazi London katika baraza la utafiti wa tiba la Uingereza hadi mwaka 1976. Huko alitumia tena njia yake ya kuuliza ugonjwa upo wapi. Kupitia barua za kila mwezi kutoka hospitali za misheni alikusanya habari za magonjwa ambayo yalikuwa ya kawaida Ulaya lakini nadra katika vijiji vya Afrika, kama vile kidole tumbo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana.

Akifuata mawazo ya Peter Cleave na Hugh Trowell, alisema kwamba sababu ni chakula kilichokobolewa. Watu wanaokula nafaka zisizokobolewa, maharage na mboga hupata choo kingi na laini kinachopita haraka. Kitabu chake cha mwaka 1979 kilisomwa na watu wengi. Wanasayansi wengine walimlaumu kwa kuvuta hitimisho kubwa kutokana na tofauti za mahali, ambako mambo mengi hutofautiana kwa pamoja, na si madai yake yote yaliyothibitishwa. Hata hivyo ushauri wa kula nyuzinyuzi zaidi umebaki katika miongozo ya lishe ya nchi nyingi.

Kifo na urithi

Mwaka 1972 Burkitt alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 mjini Gloucester baada ya kupatwa na kiharusi, akiwa na umri wa miaka 82.

Limfoma ya Burkitt bado ni miongoni mwa saratani za watoto zinazopatikana zaidi katika Afrika yenye malaria. Katika nchi tajiri watoto walio wengi hupona. Afrika Mashariki matokeo ni duni zaidi, hasa kwa sababu wagonjwa huchelewa kufika au hushindwa kumaliza dawa. Nchini Tanzania tiba hupatikana hasa katika hospitali kubwa, kama Muhimbili ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza. Kwa familia ya Ujiji, Dar es Salaam iko mwisho wa reli yenye urefu wa kilomita 1,250 hivi, wakati uvimbe wenyewe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache. Kwa sababu hiyo dalili ambazo Burkitt alizionyesha katika picha zake, yaani taya kuvimba, meno kulegea, tumbo kujaa na miguu kupooza ghafla, bado zinafundishwa kwa wahudumu wa afya wa mkanda alioupitia mwaka 1961.